Naomba bei za Bitcoin za 2024, naletewa za 2017!

Fundi_Langoni: Assalam aleikum jamaa. Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Langoni, Lamu, na nikishafunga usiku najifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Nataka bei za BTC/USDT (Bitcoin kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata dola) za kila siku tangu 1 Januari 2024, nizihifadhi kwenye faili. Nimetumia maktaba ya CCXT (msimbo tayari wa kuvuta bei za masoko ya sarafu), soko la Binance, amri ya `fetch_ohlcv` na `since=1704067200`, yaani wakati wa kuanzia. Napata mistari 500, inaanzia 17 Agosti 2017 na kukomea Desemba 2018. Bando la pili hili laisha. Nimekosea wapi? Ufunguo wa API (siri inayoiruhusu programu kuingia kwenye akaunti yangu ya soko) nimeutia, kama yule wa video alivyoonyesha.

Dada_wa_Shela: Waaleikum salaam kaka. Namba yako ni ya sekunde, CCXT huhesabu milisekunde tangu mwanzo wa 1970. Kwake yeye umetaja 20 Januari 1970, Bitcoin haijazaliwa, basi imekupa mishumaa (ndivyo tuitavyo mistari ya bei, mmoja kwa kila siku) ya zamani kabisa iliyopo. Tia sifuri tatu mwishoni.

Babu_Mkomani: Mie stima imenikatikia, nikaona "mishumaa" nikajua mwauza.

Fundi_Langoni: Yarabi, sifuri tatu tu! Imeanza 2024 sasa. Lakini mistari bado 500.

Mvuvi_Malindi: Usipotaja `limit`, yaani idadi ya mistari, utapewa hizo 500, na ukiitaja hupati zaidi ya 1000 kwa ombi moja. Zungusha kitanzi: chukua wakati wa mshumaa wa mwisho, ongeza 1, uufanye `since` mpya, uombe tena mpaka jibu lirudi tupu. Kila awamu andika kwenye faili papo hapo, ili bando likikata uendelee ulipoishia. Na `enableRateLimit` usiizime, ndiyo inayopumzisha kati ya ombi na ombi. Ukiomba mfululizo utafungiwa.

Dada_wa_Shela: Mimi huo ufunguo ndio unaonitia wasiwasi. Bei ziko wazi kwa kila mtu, hazihitaji ufunguo. Ulipoutengeneza uliruhusu nini?

Fundi_Langoni: Nilitia alama kila kisanduku dada. Na programu nzima nimeituma kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada...

Dada_wa_Shela: Lo! Acha mishumaa, nenda kaufute sasa hivi. Kufuta ujumbe hakutoshi, futa ufunguo wenyewe kwenye akaunti.

Fundi_Langoni: Nimeufuta. Mikono yatetemeka.

Mvuvi_Malindi: Umepona. Jambo jingine: mshumaa wa siku hufungwa saa sita usiku ya UTC (saa za kimataifa), yaani saa tisa usiku kwetu. Kwa hiyo mstari wa mwisho utaona bei yake yabadilika kila ukiomba, ni siku ambayo haijaisha. Ukate kabla ya kupiga hesabu yoyote. Mimi nilihangaika nao wiki nzima nikidhani kompyuta ni mbovu.

Fundi_Langoni: Nimeukata, faili limetimia na bando limebaki kidogo. Shukrani sana. Babu, stima imerudi?

Babu_Mkomani: Bado. Mishumaa ni pesa ngapi?