Usiku wa gala melini: suti nyeusi tu, au kanzu na koti navyo vinafaa?

Wadau wa Kusini, naleta hoja hii tuijadili kwa uwazi, maana imezua ubishi mkubwa hapa Mtwara na naona haiwahusu tu wale wawili walioianzisha.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mzee mmoja wa Shangani, mwalimu mstaafu, amelipiwa yeye na mkewe safari ya meli ya wiki moja na watoto wao walioko Uingereza. Wanapanda Southampton, wanakwenda Norwei, wanarudi. Meli ni ya Cunard, kampuni iliyoanza kuvusha abiria Atlantiki mwaka 1840, na mpaka leo inashikilia utaratibu wa jioni za gala, yaani jioni za kuvaa rasmi. Kwenye safari ya siku saba huwa ni jioni mbili hivi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, mwanamume anatakiwa avae koti la jioni na tai ya kipepeo, au suti ya rangi nzito na tai. Mwanamke avae gauni la jioni au vazi jingine la heshima ya kiwango hicho. Mzee akaja kwangu kupimwa, kwa sababu kazi yangu ni cherehani. Kabla sijamaliza kumpima mabega, kijiwe kizima kilishatoa hukumu.

Waliosikika zaidi walisema ni suti nyeusi tu, hakuna mjadala. Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mmoja alimwambia mzee wazi kabisa kwamba akiingia ukumbi ule na kanzu, watu watadhani ametoka kulala. Vijana nao wakasema mambo ya tai yamepitwa na wakati. Safari imelipiwa, basi avae shati lake safi na suruali ya jinzi, nani atamnyima chakula? Waliotetea kanzu na koti walikuwa wachache, na walisema kwa sauti ya chini kana kwamba wanaomba msamaha.

Mimi niko na hao wachache, ila sioni sababu ya kunong'ona.

Nianze na wa suti. Wanasema sheria ya meli ni suti. Si kweli, na hapa ndipo watu wengi wanapotea kwa kusikia nusu. Utaratibu wa Cunard kwa jioni za gala unakubali pia vazi rasmi la kitaifa, na unakubali sare za kijeshi. Mskoti anaingia na sketi yake ya mirabamiraba, soksi ndefu na koti fupi, na hakuna anayemwona amevaa nusu. Iweje mtu wa pwani aliyevaa kanzu nyeupe iliyonyooka, koti jeusi la kumkaa mabegani na kofia ya mkono ahesabiwe hajavaa? Anayemhesabu hivyo ni jirani yake wa Mtwara, si mwenye meli.

Tena hilo koti la jioni ambalo wenzetu wanaliona kama limeshuka na amri, lina historia ya kuvutia. Mwaka 1865 fundi Henry Poole wa mtaa wa Savile Row, London, alimshonea mtoto wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, koti fupi la kulia chakula nyumbani kwake bila makuu. Vazi rasmi la usiku wakati ule lilikuwa koti lenye mikia mirefu nyuma. Yaani kinachoitwa leo kilele cha urasmi kilianza kama vazi la kupumzikia. Kama wao waliruhusiwa kulipandisha koti la nyumbani hadi ukumbini, sisi tunaogopa nini kupeleka vazi ambalo kwetu lilikuwa la heshima tangu mwanzo?

Na hili la tangu mwanzo silisemi kwa kujipendekeza. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaandika watu wa Kilwa kuwa ni watu waliovaa mavazi mazuri ya dhahabu, hariri na pamba, wanawake wakiwa na mikufu na bangili za dhahabu na fedha. Ni Kilwa hii hii ya mkoa wa Lindi. Wageni walikuta watu wanajua kuvaa. Mtu akiniambia kwamba mwana wa pwani hana vazi la kukaa nalo mezani na wakubwa, namwomba aende Kilwa Kisiwani akatazame magofu ya jumba la Husuni Kubwa na ule msikiti mkuu, kisha ajiulize waliojenga vile walikuwa wanavaa nini jioni.

Sasa niseme kama fundi. Suti ya jioni iliyoshonwa sawasawa ni kazi nzuri na mimi naiheshimu. Kola zake hufunikwa satini au hariri, na suruali hushonewa utepe wa satini pembeni kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Lakini ninyi mnaosema mzee anunue suti nyeusi ya mitumba halafu fundi aigeuze, mmewahi kuiona kazi hiyo kwa karibu? Unafumua kola, unakata satini kwa ulalo ili isivute, unaishikiza kwa mkono kwanza, unashona. Kisha unafika kwenye pasi. Koti lenyewe ni la sufu, linataka joto na mvuke, lakini satini haivumilii joto hilo. Ukikosea kidogo tu, mshono uliopo chini unajichora juu ya kola, mstari mrefu, na hautoki tena. Mwisho mzee anakaa mezani na koti lisilo lake, mabega yamepanda, kola ina alama, na waliomzunguka wamevaa suti zilizokatwa kwa vipimo vyao. Hapo ndipo ataonekana mgeni kweli kweli. Kanzu yake ya kupimwa hapa, na koti la kupimwa hapa, vitamfanya aonekane mwenye kwao.

Kwa vijana nina neno gumu kidogo. Hoja ya kwamba nimelipa nitavaa nitakavyo naikataa. Wageni wa meli za utalii wanaposhuka Kilwa Masoko na kuvushwa kwenda Kisiwani, sisi wenyewe tunawaomba wajistiri, wasipite vijijini na chupi za kuogelea. Nao wamelipa, tena vizuri. Tunawaomba kwa sababu pale ni kwa watu, pana wazee, watoto na misikiti. Basi na ukumbi wa gala una wenyewe. Waliokata tiketi ya meli ile wengi wao wameichagua kwa sababu ya jioni hizo. Mtu amenunua gauni miezi kabla, amelingoja, halafu wewe unakaa mbele yake na jinzi. Humdhuru mwilini, lakini umemharibia kitu alichokithamini, na wewe hukuwa na haja ya kuwepo pale.

Nasema hukuwa na haja kwa sababu nafasi ya kutovaa rasmi ipo. Hata ndani ya meli za Cunard wapo wasiotaka makuu jioni hiyo, na wameachiwa sehemu zao. Kwenye Queen Mary 2, kwa mfano, mtu anakula Kings Court, ukumbi wa kujipakulia, au anakaa baa ya Golden Lion, bila tai. Na kampuni nyingine zimeachana na mambo haya kabisa: Norwegian Cruise Line tangu mwaka 2000 walileta mtindo wa safari huru, hakuna usiku wa lazima wa kuvaa rasmi. Anayechukia kuvaa achague meli ya namna hiyo. Mzee wetu hakuchagua, amechaguliwa na wanawe, lakini hata yeye akichoka usiku wa pili anaweza kwenda ukumbi wa kujipakulia na shati lake, na hakuna atakayemuuliza.

Kuna jambo moja la vijana ninalowaunga mkono moja kwa moja, nalo ni gharama. Tunaijua hali hii kwenye harusi zetu. Fedha za korosho zikishaingia, harusi zinafuatana, na kamati inatangaza sare: kitambaa hiki, rangi hii, duka fulani. Nimeshona sare hizo, najua nani alikuja na kitambaa mapema na nani alikuja usiku wa mwisho baada ya kukopa. Wapo ambao hawakuja kabisa, wakakaa nyumbani ilhali ni shangazi wa bibi harusi. Hilo ni baya, na utaratibu wowote wa mavazi unaomfukuza mtu kwa sababu ya mfuko wake nitaupinga, uwe wa meli, uwe wa ukumbi wa Mtwara mjini. Ndiyo maana ile ruhusa ya vazi la kitaifa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Inamwezesha mtu aingie na kilicho bora katika vilivyo vyake, bila kwenda kununua kilicho bora cha mwingine.

Lakini angalieni neno rasmi. Haikusemwa vazi lolote la kwenu. Wale wachache waliotetea kanzu nawauliza, kanzu ipi? Ile ya kuendea sala ya alfajiri, iliyofubaa na kuingia manjano kwapani, hapana. Mzee nimemwambia hivi: kanzu mpya ya kitambaa kizito kiasi, kisichoonyesha fulana ya ndani, yenye darizi ya shingoni ya uzi wa rangi moja na kitambaa. Urefu uishie juu kidogo ya kifundo cha mguu, kwa sababu meli ina ngazi na sakafu inacheza. Koti jeusi, si la buluu, lenye bitana kamili, mikono iache kanzu ionekane kidogo kwenye kiganja. Kofia ya kushonwa kwa mkono, ile yenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Miguuni viatu vyeusi vya ngozi vya kufunika, na soksi. Makubadhi ayavae mchana. Na wanaoogopa joto la koti wasijisumbue, kumbi za meli zina viyoyozi, tena Norwei si Mtwara ya Desemba.

Kuna aliyependekeza joho, lile jeusi la pindo la dhahabu wanalovaa mabwana harusi. Mimi naliona linafaa sana jioni ya gala. Mzee amelikataa, anasema ameshaoa. Jambia la kiunoni lenyewe lisahaulike, meli haziruhusu visu.

Kuhusu mama, ubishi ulikuwa mkali zaidi, na nasikitika kwamba waliobishana zaidi walikuwa wanaume. Wengine walitaka avae gauni la satini la mabega wazi eti ndilo gauni la gala. Mama huyu anajistiri, ana mtandio wake miaka yote, na hakuna kanuni ya meli inayomtaka aonyeshe mabega. Gauni refu la mikono mirefu, kitambaa kinachoanguka vizuri, mtandio wa kitambaa hicho hicho au wa hariri, na dhahabu yake. Hilo ni gauni la jioni bila pungufu. Buibui lililodariziwa vizuri nalo linaingia. Kitenge pia, kikishonwa gauni refu la kukaa mwilini na kilemba chake. Dera hapana, na khanga nazipenda lakini usiku huo zibaki kwenye begi, atajifunga chumbani. Mwenyewe amechagua rangi ya zambarau iliyokolea, na alichagua bila kuuliza kijiwe.

Jambo la mwisho ni mzigo, ambalo hakuna aliyelitaja. Hawa wanatoka Mtwara kwa ndege hadi Dar es Salaam, halafu safari ndefu ya kwenda Uingereza, na daraja la kawaida lina kikomo cha mizigo. Wazungu wanaopandia Southampton wanafika bandarini na gari, wanashusha masanduku manne. Suti mbili, viatu vya aina mbili, na makoti ya baridi ya Norwei vinamaliza begi. Kanzu mbili zinakunjwa, hazijazi kitu, na koti jeusi moja linatumika jioni zote mbili, na hata zile jioni nyingine zinazotaka mtu awe nadhifu tu.

Kwa hiyo msimamo wangu mmeujua: utaratibu wa gala ubaki, atakayeingia avae, na vazi letu likiwa katika hali yake ya juu liingie bila kuomba samahani. Pale niliposhindwa kuwa na uhakika ni kwenye kaunda suti, na hapa nataka wenye hoja waje. Mzee alivaa kaunda suti miaka yote ya ualimu, na anauliza kama inaweza kuwa vazi lake la jioni ya pili. Ya mikono mifupi nimemkatalia. Lakini ya mikono mirefu, kitambaa cheusi cha sufu nyepesi, kola imefungwa hadi juu, viongozi wetu wamekaa nayo kwenye meza kubwa za dunia bila tai. Mimi naelekea kusema inafaa. Kijiwe kinasema lile ni vazi la kazini. Mafundi wenzangu wa Lindi, Masasi na Newala, na ninyi mliowahi kufanya kazi kwenye meli za abiria, mnasemaje?