Sanduku la makaratasi ya marehemu babu, shangazi anataka yachomwe. Yana kazi gani?

Dogo_wa_Korogwe:
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri wa haraka maana jumapili ndo tunamaliza kugawa vitu vya marehemu babu na kuna kitu kimoja kimeleta mvutano. Babu alikuwa na sanduku la bati, miaka yote liko chini ya kitanda na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tumelifungua tukijua labda kuna hati ya shamba au hela, kumbe makaratasi matupu. Stakabadhi za kodi za miaka ya 50 zimetobolewa na kufungwa uzi, kadi ya TANU, vipande vya kazi vya shamba la mkonge (babu alikuja huku kutoka Ujiji, kule Kigoma, kama manamba, yaani kibarua wa mkataba), halafu kuna barua kadhaa zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na hapa nyumbani hakuna anayeweza kuzisoma. Shangazi mkubwa kaziona hizo akasema ni hirizi, hatujui alikuwa anamfanyia nani, chomeni zote tubaki na bati. Baba yuko kimya. Mimi roho inaniuma ila nikiulizwa zina kazi gani sina jibu. Kuna ofisi inapokea vitu kama hivi au najisumbua tu?

Mzee_wa_Kijiweni:
Choma dogo. Historia yetu waafrika ni ya mdomo, makaratasi ni mambo ya mkoloni. Stakabadhi ya kodi ni ushahidi kwamba babu yako alinyonywa, sasa unaitunza ya nini. Kaa na wazee waliobaki uwaulize kabla nao hawajaondoka, hiyo ndo kazi ya maana.

Masijala_Daima:
Dogo usichome chochote. Mimi nafanya kazi masijala, nimeona mafaili ya zamani yanawekwa chini ya ngazi mpaka mchwa wanayamaliza halafu siku mtu anakuja na mgogoro wake wote mnabaki kuangaliana.

Hicho kipande cha mkonge kitoe ukiangalie vizuri. Kina nafasi 30, kila ukimaliza kazi ya siku msimamizi anaweka alama, na mshahara hulipwi mpaka kijae. Kwa hiyo kile ambacho hakijajaa kina stori yake, aliumwa? alitoroka? alihama shamba? Serikali ya kikoloni inaandika ripoti kwamba vibarua wa Tanga walikuwa maelfu kadhaa, ila babu yako siku gani aliingia shambani na siku gani hakuingia utaikuta hapo tu, hata yeye mwenyewe angekuwa hai asingekumbuka.

Cha kufanya sasa hivi, toa pini na stepla zote zile zenye kutu maana ndo zinakula karatasi. Usigundishe kwa selotepu, na tafadhali sana usipeleke stesheneri wakakufanyia laminesheni, wengi wanaharibu hapo wakidhani wanatunza. Weka kwenye bahasha safi, juu ya kabati sio sakafuni, piga picha kila kitu mbele na nyuma, na andika umezikuta zikiwa zimepangwa vipi kabla hujazichanganya. Hiyo namna alivyozifunga uzi nayo ni taarifa. Halafu nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga Dar ukawaulize. Wanatunza mpaka mafaili ya Mjerumani, hayo UNESCO waliyaingiza kwenye orodha yao ya kumbukumbu za dunia 1997, lakini yameandikwa na maafisa. Sanduku la manamba ni nadra.

Mkaaji_Nyeri:
Mzee wa Kijiweni nakusalimu lakini hapo kwa mdomo pekee wacha nikupinge kidogo. Huku kwetu wazee wamesimulia tangu uhuru vile waliteswa kwa kambi za wakati wa Mau Mau, wengine walihasiwa, na Uingereza haikujali. 2009 wazee watano wakapeleka kesi London. Wanahistoria na mawakili wakasukuma sana kuuliza mafaili mengine yako wapi, ndio ikajulikana 2011 kwamba mkoloni akiondoka aliyapakia yakaenda kwao, yakafichwa mahali panaitwa Hanslope Park pamoja na ya wengine, kama mafaili 8,800 ya makoloni 37. Na hayo ndiyo yaliyopona, mengine yalichomwa kabla bendera ishuke, kulikuwa na maagizo kutoka London ya 1961 kwamba karatasi inayoweza kuaibisha serikali yao isiachiwe serikali mpya. Kama makaratasi hayana kazi mbona walihangaika kuyachoma?

Kuna barua moja ya 1957 ambayo mwanasheria mkuu wa koloni Eric Griffith-Jones alimwandikia gavana Baring kuhusu kupiga wafungwa, akasema kama ni kutenda dhambi basi watende kimyakimya. Aliandika mwenyewe na akaweka kwa faili! Juni 2013 William Hague akasimama bungeni kusema serikali yake inajutia, na fidia ikawa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengi walikuwa wameshakufa wakingoja.

Mzee_wa_Kijiweni:
Sasa Mkenya si umenisaidia mimi? Wazee ndo walisema kwanza, wasingesema nani angeenda kutafuta hayo mafaili. Na waliosema walikuwa wakweli miaka yote hiyo, ila mpaka karatasi ya mzungu ithibitishe. Hiyo ndo inayoniudhi.

Mkaaji_Nyeri:
Hapo sikupingi mzee, hata mimi inaniuma.

Mlamu_wa_Mkomani:
Asalaam alaykum. Mzee wa Kijiweni, huku pwani watu wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla mkoloni hajafika, kwa hiyo karatasi si mali yake. Habari za wafalme wa kisiwa cha Pate zilikuwa zimeandikwa, na nuskha ya asili ikapotea Witu mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji. Tunayosoma leo mengi yalitoka kinywani mwa Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Nabahani, watu wakaja wakayaandika tena. Kwa hiyo mdomo nao una haki yake, ila fikiria kama yule mzee angekufa mwaka mmoja kabla.

Dogo, mwambie shangazi kwa heshima asiwe na wasiwasi. Kama kuna kurasa za msahafu hizo zina adabu yake, lakini barua ni barua. Weka picha ya moja hapa, ficha majina.

Dogo_wa_Korogwe:
Shukrani wote. Nimeweka picha, hiyo ni ile yenye mikunjo minne, samahani wino umefifia upande wa chini.

Mlamu_wa_Mkomani:
Mwandiko mzuri huu. Ni Kiswahili kitupu, hirizi hamna. Inaanza na salamu ndefu kama ilivyokuwa kawaida. Ni ndugu yake wa Ujiji anampa habari kwamba mama yao amefariki, wamegawana michikichi, na fungu la babu yako analishika yeye mpaka atakaporudi. Anamuuliza mbona kimya. Mstari wa mwisho sijaupata, piga tena juani.

Masijala_Daima:
Kabla watu hawajakata tiketi ya treni, barua peke yake haikupi michikichi. Ila inakupa jina la ndugu na pa kuanzia kuuliza.

Dogo_wa_Korogwe:
Aisee. Nimemsomea shangazi akakaa chini kabisa. Babu alikuwa anasema hana ndugu, alisema hivyo mpaka anakufa. Baba ndo kafungua mdomo leo, anasema kuna mwaka babu alifunga safari ya Kigoma akaishia Tabora akarudi, hakusema kwa nini. Kuchoma kumeahirishwa, ila shangazi sasa anataka zote zisomwe kabla ya jumapili na ameniuliza mara mbili mchikichi unaishi miaka mingapi. Kuna mtu humu wa Ujiji?