Mada: iTax, eCitizen na laini ya +254 ukiwa Dar (tarehe 30 Juni inakaribia)

Kutoka: Kinondoni

Ndugu Wakenya wote mlioko Dar, salamu.

Maswali yamerundikana na yote ni yaleyale: OTP (namba ya uthibitisho ya kutumia mara moja) haifiki, iTax (tovuti ya kodi ya Kenya) inakataa faili, fomu za hapa Tanzania zinakataa majina yetu. Badala ya kila mtu kuuliza pembeni, tuyamalize hapa kabla ya 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi Kenya. Mwenye jibu alete hatua. "Jaribu tena baadaye" tumeshaichoka.

Naanza na namba ya simu, kwa sababu ndiyo inayotuangusha kimyakimya. Namba za Kenya na za Tanzania zina umbo moja, tarakimu 10, na nyingi huanza na 07. Kule 0712 ni Safaricom, huku 0712 ni Yas (Tigo ya zamani). Ukiandika 0712… kwenye tovuti ya Nairobi, mfumo unatanguliza 254 wenyewe. Ukiandika hivyohivyo kwenye tovuti ya Dar, unatanguliza 255. Hakuna kosa litakaloonyeshwa maana namba ni halali, ila ni ya mtu mwingine, na OTP yako inalia mfukoni mwa mtu wa Mbagala asiyekujua. Pesa nazo hupotea kwa njia hiyohiyo: jina limehifadhiwa kwenye simu kwa 07, unatuma kutoka laini ya huku, zinakwenda kwa mgeni.

Kwa hiyo hifadhini majina yote ya simu kwa +254 au +255, bila kumbakisha hata mmoja. Kwenye fomu inayokataa alama ya kujumlisha, andika 254 kisha tarakimu 9, bila sifuri. Wengi huandika 2540712…, zinakuwa tarakimu 13, halafu fomu inasema tu "namba si sahihi" bila kueleza. Na fomu yenye kibendera cha nchi pembeni ya kisanduku tayari imeshaweka +255, kwa hiyo badilisha kibendera kwanza ndipo uandike.

---

Kutoka: Mbezi Beach

Asante kaka. Naongezea kuhusu laini yenyewe.

Laini ya Kenya isikae kwenye droo. Laini isiyotumika hufungwa, namba hugawiwa mteja mpya, na huyo ndiye atakayeanza kupokea OTP za benki yako. Iwe ndani ya simu, kwenye tundu la pili, na kila mwezi fanya jambo moja linalokatwa pesa: tuma ujumbe mmoja au nunua salio dogo.

Data ya romingi izime, lakini laini iendelee kushika mtandao wa hapa. Kupokea SMS ukiwa romingi kwa kawaida hakukati kitu. Kinachomaliza salio ni data na kupokea simu. Laini ikiandika "hakuna huduma", ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, zima uchaguzi wa moja kwa moja, subiri orodha ya mitandao itokee (huchukua dakika kadhaa, usiikatize), kisha jaribu mmoja baada ya mwingine. Si kila mtandao wa Dar una makubaliano na mtandao wako wa nyumbani, na simu ikiachiwa ichague wakati mwingine hung'ang'ania ule usiofaa.

OTP ikichelewa, usibonyeze "tuma tena" mfululizo. Kwa kawaida kila ombi jipya huifuta namba iliyotangulia. Zikifika tatu kwa mpigo, ya kwanza na ya pili zimeshakufa. Ingiza ya mwisho tu. Angalia pia kama uliwahi kuzuia meseji za matangazo, maana OTP hutumwa kwa jina la taasisi na chujio hilo linaweza kuikamata.

Palipo na uchaguzi, chagua namba iletwe kwa barua pepe. Palipo na programu ya uthibitisho kwenye simu, ni bora zaidi, haihitaji laini wala intaneti: inakokotoa namba mpya kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya simu. Ndiyo maana mtu aliyerekebisha saa kwa mkono anakataliwa kila mara. Washa saa ya moja kwa moja. Zile namba za akiba unazopewa siku ya kujiunga ziprinti, zikae na pasipoti.

Halafu jamani, barua pepe ya mwajiri isiwe kwenye akaunti yoyote ya serikali. Ukiacha kazi, anwani inafungwa, na nenosiri jipya la iTax linatumwa hukohuko.

---

Kutoka: Upanga

Mimi nizungumzie iTax peke yake.

Asiye na kipato cha kutangaza Kenya lakini ana PIN (namba ya mlipakodi) yenye wajibu wa kodi bado anatakiwa kuwasilisha ritani tupu, yaani taarifa ya kodi ya mwaka isiyo na kipato. Kuchelewa kwa mtu binafsi ni faini ya shilingi 2,000 za Kenya, au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ipi ni kubwa. Ritani tupu haihitaji Excel, kwa hiyo msijitese: ingia kwa PIN (herufi na tarakimu 11 kwa jumla, huanza na A na kuishia na herufi), nenosiri, kisha jibu hesabu ndogo iliyo kwenye picha. Nenda menyu ya Returns, chagua File Nil Return, chagua wajibu wa mtu binafsi, tarehe zitajijaza, wasilisha, na pakua risiti siku hiyohiyo. Lakini mwenye nyumba ya kupangisha Nyali au Kisauni kule Mombasa asijifiche kwenye ritani tupu. Hiyo si ritani yake.

Mwenye kipato kisichokuwa mshahara pekee ndiye anayekutana na ile fomu ya Excel, na hapo ndipo vilio vinapoanza. Fomu inaendeshwa na makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili. Haifanyi kazi kwenye simu wala Google Sheets, na LibreOffice itakufungulia kurasa nzuri zenye vitufe visivyosikia. Tafuta Windows yenye Excel halisi.

Ukiipakua na kuifungua moja kwa moja, utaona mstari mwekundu unaosema makro zimezuiwa, na hakuna kitufe cha kuruhusu. Tangu 2022 Microsoft imezuia makro za mafaili yaliyotoka intaneti. Tiba yake: funga Excel, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, na chini kabisa ya ukurasa wa kwanza weka tiki kwenye Unblock, kisha OK. Ukifungua tena utapata mstari wa njano. Bonyeza Enable Content.

La pili ni tarehe, na hili ndilo linalowapotezea watu usiku mzima. Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa, hasa zile zilizotumika zinazoingizwa kutoka nje, zimewekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi kabla ya siku. Fomu inataka siku/mwezi/mwaka. Ukiandika 13/04 inakataa. Ukiandika 05/04 inakubali lakini inasoma Mei 4, na hili la pili ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Nenda Settings, Time & Language, Region, weka English (United Kingdom), funga Excel kabisa, na anza na nakala mpya ya fomu. Ile uliyokwishaijaza ina tarehe zilizopinda tayari.

Usinakili na kubandika kutoka faili jingine kwenye visanduku vya fomu, maana unaleta nafasi tupu na mitindo ambayo ukaguzi unaikataa. Andika kwa mkono. Ukimaliza, bonyeza Validate. Makosa yakiisha, fomu itatengeneza faili la zipu, ambalo kwa kawaida hukaa kwenye folda ya Documents. Usilibadilishe jina. Usilifungue. Pakia hilohilo. Na kikao cha iTax hufa ukikaa kimya, kwa hivyo jaza fomu kwanza nje ya mtandao, ingia kwenye tovuti mwisho.

Tovuti ikisota, pima kabla ya kulaumu. Fungua tovuti nyingine mbili za nje kwa bando hilohilo. Zikisota zote, tatizo ni njia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya, na kubonyeza Submit mara kumi hakukumsaidia mtu. Zikifunguka vizuri isipokuwa hiyo moja, basi ni mlundikano wa wiki ya mwisho wa Juni. Saa kumi alfajiri ni dawa.

---

Kutoka: Kigamboni

Mzee wa Upanga, shikamoo. Maelezo yako ni ya mwenye kompyuta yake. Wengi wetu tunakwenda steshenari, na huko nako kuna mambo yake.

Kivinjari cha steshenari kinakumbuka kila kitu. Fungua dirisha la faragha (Ctrl, Shift na N kwa Chrome, kwa Firefox ni Ctrl, Shift na P), na kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Dirisha la faragha halifuti ulichopakua. Risiti, pasipoti uliyoskani, kitambulisho, vyote vinabaki kwenye Downloads. Vifute, kisha vifute tena kwenye Recycle Bin. Usimtumie kijana wa steshenari pasipoti yako kwa WhatsApp "aiprinti haraka", kwa sababu itabaki kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya ofisi.

Flashi ikitoka huko na mafolda yamegeuka njia za mkato, mafaili yako hayajapotea, yamefichwa. Usibonyeze hizo njia za mkato. Kwenye kompyuta salama yenye kinga ya virusi, fungua Command Prompt, na kama flashi ni E, andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha Enter. Yakijitokeza, nakili unayohitaji, futa njia za mkato, pitisha kinga ya virusi, ndipo uisafishe flashi nzima.

Na nina maoni. Fomu ya kodi inayolazimisha mwananchi anunue Excel si huduma ya mtandaoni. Ni karatasi iliyovishwa kompyuta.

---

Kutoka: Sinza

Dada wa Kigamboni umesema kweli. Mimi nijibu la majina na mafaili.

Akina Ng'ang'a, Ng'eno na Nyong'o, tatizo lenu ni ile ritifaa, alama ya ('). Kuna mbili: iliyonyooka, ya kibodi ya kompyuta, na iliyopinda, ambayo simu huiweka yenyewe. Kwa macho ni moja, kwa mfumo ni herufi mbili tofauti. Umejisajili kwa simu, unaingia kwa kompyuta, unaambiwa jina halilingani. Fomu nyingine haikubali yoyote. Kigezo kiwe pasipoti: kwenye mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <<<, ritifaa huondolewa, Ng'ang'a anakuwa NGANGA. Fomu ikikataa ritifaa, andika kama mistari hiyo inavyosema, bila kuweka nafasi badala yake, na tumia umbo hilohilo kila mahali hapa: laini ya simu, benki, kibali cha ukaazi.

Hasa laini. Hapa laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni husajili kwa pasipoti. Jina atakaloandika wakala siku hiyo ndilo litakalotokea ukitumiwa pesa, na benki italilinganisha na lake. Msimamie anapoandika. Ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe.

Mafaili: kikomo cha kawaida ni MB 1 au chini. Picha ya simu moja inafika MB 3 hadi 5. Usiskani kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) bila sababu. Ukurasa wa A4 kwa dpi 150, rangi ya kijivu, una pikseli 1240 kwa 1754 na unasomeka vizuri. Pasipoti iachwe rangi. Wenye iPhone, picha zenu ni HEIC na fomu nyingi hazizijui: Settings, Camera, Formats, Most Compatible, halafu piga upya. Jina la faili liwe fupi, bila nafasi wala ritifaa. Pasipoti.pdf inatosha.

---

Kutoka: Kinondoni

Yamebaki mawili, nayajibu kwa ufupi.

VPN, ile programu inayoficha mahali ulipo: izimeni mkiingia benki au eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya). Mfumo ukikuona Amsterdam saa nne na Dar saa nne na dakika tano, unaweza kufunga akaunti. Na hapa Tanzania, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajiandikishe.

Malipo: ya Kenya yote ya eCitizen yanaingia paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) 222222. Ukitumia kadi, benki itatuma OTP kwenye laini ya Kenya, kwa hiyo hakikisha imeshika mtandao kabla ya kuanza kulipa, si katikati. Ya hapa yanataka namba ya kumbukumbu ya malipo, ile kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ina tarehe ya kuisha. Ikiisha usilipe, omba nyingine. Ilipe kwa menyu ya malipo ya serikali, usiitume kwa namba ya simu ya mtu hata akikuambia ni ya ofisi. Meseji za kitapeli zipelekwe 15040, bure.

Aliyefanikiwa kujaza ile fomu ya Excel kwenye Mac aandike toleo la Excel na hatua zake hapahapa, kuna watu watatu wanasubiri.