Paradoksi za takwimu zinaweza kuelezea bahati kwenye kubeti, au nina nuksi kweli?

kijana_wa_tandika

Wakuu salaam. Uzi mrefu kidogo ila mnivumilie, kuna kitu kinanikereketa tangu Jumamosi.

Niliweka mkeka (tiketi moja, zote zitiki ndo ulipwe) wa mechi 10, timu kubwa tupu zinacheza nyumbani, odi (namba ya kuzidishia dau) za 1.3 mpaka 1.4, hakuna tamaa humo, buku mbili inarudisha elfu 45. Tisa zikatiki. Ya kumi tunaiangalia kibanda umiza, dakika ya 88 tunaongoza moja bila, mimi nishasimama, nishapiga hesabu ya luku na deni la mangi, dakika ya 93 ikapigwa kona, kichwa, moja moja. Hata sikupiga kelele, nilikaa tu kwenye benchi nikabaki naangalia fulana ya jamaa wa mbele. Na hii ni mara ya nne tangu mwezi uanze timu MOJA ndo inanichania. Sio tatu, sio tano, moja! Mshikaji wangu wa geto anasema nina nuksi, nikaoge maji ya chumvi.

Sasa jana usiku nimekutana na video inaelezea paradoksi ya Parrondo, kwamba kuna michezo miwili, kila mmoja ukiucheza peke yake unaliwa, lakini ukiichanganya unakula. Nikajiuliza mawili. Hizi paradoksi zinaweza kuelezea bahati na hii nuksi yangu? Na je nikichanganya mikeka na kindege (ule mchezo wa kubeti wa ndege kwenye simu), maana kote naliwa, si ndo Parrondo mwenyewe huyo? Wataalamu wa hesabu mje.

bi_mkubwa_tanga

Kamari haramu mwanangu. Hiyo buku mbili ungenunua maandazi ukala na wenzio. Haya nimepita.

mwalimu_wa_namba

Mkuu pole na hiyo kona. Nianze na nuksi maana ndo rahisi.

Tuseme kila timu yako kweli ina nafasi ya 70 kwa 100 kushinda, odi ya 1.36 inakaribia hapo ukishatoa cha juu cha kampuni. Mechi 10 zote zitiki ni 0.7 mara 0.7 mara 0.7 mpaka zifike kumi, unapata kama 2.8 kwa 100. Mikeka mia, inatiki mitatu hivi. Sasa piga mkeka kuchanwa na timu moja tu kamili: hapo timu ya kuharibu inaweza kuwa yoyote kati ya hizo kumi, yaani njia za kukosa kwa moja ziko kumi wakati njia ya kupatia zote ni moja, jibu linakuja kama 12 kwa 100. Kwahiyo kwa kila mkeka unaotiki utegemee minne inayochanwa na timu moja. Hiyo nuksi yako iko humo humo kwenye hesabu, anayo kila mtu anayeweka mechi kumi, tena ukiongeza ziwe 15 uwiano unapanda unazidi sita kwa moja. Na mikeka iliyochanwa na timu nne wala huikumbuki, ile ulishaifuta kichwani tangu mapumziko.

Kuna kingine watu hawakioni. Kampuni ikikupunja kidogo tu kwenye kila odi, mfano inakulipa 95 pale ulipostahili 100, kwenye mechi moja unaona kitu gani hiki, lakini mkeka unazidisha odi na unazidisha na hiyo punjo. 0.95 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mpaka zifike kumi ni kama 0.6. Maana yake kila buku unayoweka, kwa wastani wa muda mrefu, inarudi mia sita. Ndo maana wanakupa na bonasi ukiongeza mechi, unadhani wanakupenda?

Parrondo nakuja, ngoja nikafunge kuku.

simba_mzee

Mwalimu na hesabu zako zote hujasema kitu kuhusu bahati. Bahati ipo jamani. Nina binamu yangu Morogoro hajui hata ofsaidi ni nini, anachagua timu kwa rangi ya jezi, kapiga hela ya maana mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kanunua pikipiki na bati za nyumba. Mimi nasoma fomu za timu, majeruhi, hali ya hewa, naliwa kila wiki. Hiyo ni nyota ya mtu, haina paradoksi.

dila_mstaafu

Naomba niingie hapo kwa simba_mzee. Nimefanya kazi kasino Dar miaka mitatu meza ya ruleti, jina la kasino sitaji. Pembeni ya meza kuna ubao wa taa unaonyesha namba zilizotoka. Mteja anakaa hapo na kipeni anaandika kwenye karatasi, nyeusi imetoka mara sita mfululizo, anasema sasa nyekundu "ina deni", anamwaga chipsi zake zote (vile vidude vya kubetia) kwenye nyekundu. Nilikuwa nazungusha kile kigurudumu naangalia kale kampira kadogo kanaruka ruka, nikawa najiuliza hivi haka katakumbukaje kilichotokea dakika tatu zilizopita? Kampira hakana daftari. Ubao ule haukuwekwa pale kumsaidia mteja, ni ili akae.

Kisa maarufu cha hii kitu ni cha kasino ya Monte Carlo kule Monaco, 18 Agosti 1913, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga hela kwenye nyekundu, kila ikitoka nyeusi wanaongeza, waliliwa mamilioni ya faranga. Ila kila mzunguko nafasi ya nyekundu ilikuwa ile ile, 18 kwa 37, maana kuna na ile sifuri ya kijani ambayo ndo mshahara wetu ulikotoka.

Na wale wa kudabo! Mteja anaanza na buku, akiliwa anaweka mbili, nne, nane, anasema siku ikitoka moja tu nimerudisha zote. Kweli, faida yake ni buku. Akiliwa mara kumi mfululizo ameshatoa milioni 1 na elfu 23 na dau linalofuata ni milioni 1 na elfu 24, kuitafuta ile ile buku. Kuliwa kumi mfululizo kwenye nyekundu na nyeusi ni kama mara moja kwa kila majaribio 784. Unaona mbali? Meza moja siku ya Ijumaa tulikuwa tunazungusha mamia.

mwalimu_wa_namba

Kuku wamefungwa.

Mzee simba, simkatalii binamu yako pikipiki yake. Ila angalia hii. Kuna mwanamke New Jersey kule Marekani alishinda bahati nasibu ya jimbo mara mbili, 1985 na 1986, magazeti yakaandika ni moja kwa trilioni 17. Mwaka 1989 wanatakwimu wawili, Diaconis na Mosteller, wakaandika kwamba hiyo trilioni ni jibu la swali lingine: mtu huyu huyu, tiketi hizi hizi mbili. Ukiuliza MTU YEYOTE kati ya mamilioni wanaocheza Marekani nzima ashinde mara mbili, ndani ya miaka saba nafasi inazidi nusu kwa nusu. Bulgaria nao Septemba 2009 bahati nasibu ilitoa namba sita zile zile, 4, 15, 23, 24, 35, 42, droo mbili zilizofuatana. Serikali ikaagiza uchunguzi. Ni ndugu wa ile paradoksi ya siku ya kuzaliwa, weka watu 23 tu kwenye chumba, nafasi ya wawili wao kuchangia tarehe ya kuzaliwa inazidi nusu kidogo, kila mtu anabisha mpaka ajaribu darasani. Mimi nimejaribu na fomu tu wangu, walilipuka.

Yani binamu tunamjua kwa sababu alishinda. Wengine laki ngapi wanachagua kwa jezi na hakuna anayewaongelea kwenye msiba wala harusi.

Haya Parrondo. Mhispania yule ni mwanafizikia, aliibuka nayo 1996, na video haikudanganya, hesabu ni ya kweli. Mchezo wa kwanza sarafu imepinda kidogo dhidi yako. Mchezo wa pili una sarafu mbili: hela yako ikigawanyika kwa tatu unarusha sarafu mbovu kabisa, unashinda kama mara moja kwa kumi, isipogawanyika unarusha nzuri, unashinda karibu mara tatu kwa nne. Ukicheza huo wa pili peke yake, wenyewe unakurudisha kwenye sarafu mbovu mara nyingi kuliko unavyotegemea, kama 38 kwa 100 badala ya 33. Ukichomekea ule wa kwanza katikati, unakusukuma sukuma unatoka pale pabaya, unajikuta unatumia sarafu nzuri zaidi. Faida inatokea hapo.

Umeona siri? Mchezo wa pili unachungulia mfukoni mwako. Kindege hakijui una buku mbili au laki mbili, na kipa wa ile timu iliyokuchania hajui kama mkeka wako umebaki na mechi moja. Ukichanganya michezo isiyoangalia hela yako, unachanganya hasara tu, kama kuchanganya maji ya bahari ya Bagamoyo na ya Kunduchi utegemee yawe matamu.

kijana_wa_tandika

Daah mwalimu umenimaliza na Bagamoyo. Sasa vipi wale wa Telegramu? Kuna jamaa kanitumia utabiri wiki sita mfululizo BURE, zote kapatia, sasa anataka elfu 30 ya wiki ya saba, anasema mechi imeshapangwa. Sita kwa sita hiyo mwalimu, nayo ni bahati?

dila_mstaafu

Usitume hiyo hela!! Anachukua namba 1,024. Nusu anawaambia timu A inashinda, nusu B. Waliopata utabiri mbovu anawatupa, wanabaki 512, wiki ya pili anawagawa tena, 256, 128, 64, 32, wiki ya sita wamebaki 16. Wewe ni mmoja wa hao 16, unaona nabii. Wenzio 1,008 wamesha-mbloku.

mkojani_wa_kariakoo

Mnasahau karata tatu. Ile paradoksi ya milango mitatu ya TV ya Marekani, gari liko nyuma ya mlango mmoja, unachagua, mtangazaji anafungua mwingine mtupu, inasema ukibadili chaguo unapata gari mara 2 kwa 3, 1990 yule mwandishi Marilyn vos Savant aliieleza gazetini akaandikiwa barua maelfu, mpaka watu wenye PhD wanamwambia kakosea, kumbe yuko sahihi. Mimi nikaenda nayo stendi kichwa kichwa, jamaa kafunua karata moja sio, nikabadili. Nikaliwa elfu 20. Nikabadili tena nikaliwa.

mwalimu_wa_namba

@mkojani hahaha. Mtangazaji wa TV anajua gari liko wapi na sheria inamlazimu afungue mlango mtupu kila mara. Wa stendi anajua pia, ila hakuna sheria, anakufunulia akitaka ubadili, na karata yenyewe wakati huo iko mkononi mwake. Na wale waliokuwa wanashinda pembeni yako ni wenzake.

mkojani_wa_kariakoo

Mmoja alinipongeza kabisa, eti braza una macho.

kijana_wa_tandika

Nimemwambia wa Telegramu anipe utabiri wa wiki ya saba kwa mkopo, akishinda namlipa mara mbili. Ameni-bloku.

Sasa leo saa nne nimeamua mechi moja tu, sitaki kumi. Odi 1.36, buku mbili, faida 720. Hata chipsi kavu haifiki.

simba_mzee

Weka na GG (timu zote mbili zifunge) basi ichangamke kidogo.

mwalimu_wa_namba

Mzee simba!!