Mjadala: Mtaro ukipita kifua, kibarua alipwe kwa mita au kwa siku?

Nawauliza hasa mliowahi kushika sururu hapa Tabora. Msimamo wangu: mtaro ukishapita kimo cha kifua, malipo ya kwa mita yakome. Mtu alipwe siku yake.

Niliwahi kuchimba mtaro wa bomba pembezoni mwa mji, kwa mkandarasi nisiyemtaja. Tulikuwa wanne, kila mmoja na kipande chake. Kichanga chetu mnakijua: kiangazi kinasimama kama ukuta, mvua za Novemba zikianza kinamwagika. Nikisimama kukata mirunda ya kuzuia kingo, mita zinapungua na hela inapungua. Basi tulichimba wima, kifusi tukakirundika pale pale ukingoni, maana kukisogeza ni kukirusha mara mbili. Ukingo ukashuka, ukamfunika mwenzetu hadi kiunoni. Tulimfukua kwa mikono, akapona, ila mguu haukurudi kuwa ule. Meta moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu hivi. Ungemfika kifuani, pumzi isingeingia hata kama kichwa kingebaki nje.

Msimamizi wa ujenzi, Kigoma: Pole sana ndugu. Lakini malipo ya siku nimeyajaribu Gungu, kazi ya siku tatu ikala wiki. Mteja ananilipa kwa mita, mimi hiyo ya siku niitoe wapi? Shida ni elimu. Unawapa helmeti, wanazivua.

Mwanzisha mada: Mkuu, helmeti haizuii tani ya udongo. Na elimu nilikuwa nayo. Nilijua kabisa ukingo ule ni mbaya. Marekani mtaro ukifika mita 1.5 lazima kingo zizuiwe au zilazwe, labda iwe mwamba imara, na kifusi kikae sentimita 60 kutoka ukingoni. Kwetu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri usalama wa mfanyakazi. Mirunda iandikwe kwenye makadirio kama yanavyoandikwa mabomba, mteja ailipie. Tena mirunda haiishi, unaing'oa hapa unaihamishia mbele.

Kibarua, Isevya: Kaka, siku utanilipa ngapi? Kwa mita ndiyo nimesomesha watoto. Usinifungie riziki.

Mwanzisha mada: Hapo umenishika, na sina jibu jepesi. Basi mita ibaki hadi kifuani. Kuanzia hapo chini, siku, na iwe siku yenye thamani.

Mama mwenye nyumba, Ujiji: Mnasema miradi tu. Shimo la choo je? Kijana ananitajia bei kwa futi, na mwajiri ni mimi. Nifanyeje?

Mwanzisha mada: Shikamoo mama. Asichimbe peke yake. Juu awepo mtu muda wote. Ngazi ikae ndani ya shimo, isiegemee mwembeni. Kifusi kiwe mbali na mdomo wa shimo. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kagueni nyufa kabla hajashuka. Ukingo ukimfunika, asiruke mtu mwingine kumfuata, kwa sababu udongo hushuka tena. Iteni watu, zuieni kingo kwanza, mfukueni kwa mikono, msimvute kwa kamba. Na ukilipa kwa futi, futi za chini zipandishe bei, na siku mliyoahirisha kwa ajili ya mvua umlipe vilevile.