Mimba changa: dalili gani ilikushtua? Tupeane uzoefu

Mama wa Pipeline: Naanza mimi. Nilikuwa na wiki saba. Maji yalikatika siku tatu, nikabeba mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya nne (najua, msinigombeze). Usiku bega likaniuma, pale juu kabisa. Nikasema ni mtungi, nikajichua, nikalala. Asubuhi chupi ina matone meusi kama majani ya chai, tumbo linadunga upande mmoja, macho yanaona giza. Nilianguka mlangoni pa choo. Kumbe mimba ilitunga kwenye mrija, si ndani ya mfuko wa uzazi, na mrija ulikuwa umepasuka. Daktari alinieleza baada ya upasuaji: damu ikimwagika tumboni husumbua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na neva ya hapo inatoka shingoni pamoja na zile za bega. Ndiyo maana bega linalia na halina kosa. Kinachoniuma hadi leo: siku mbili kabla, kliniki ya mtaani walinipa dawa ya amiba bila kuniuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini.

Nyaboke: Pole sana. Mimi nilitoka damu wiki ya sita, nikalia njia yote ya Jogoo Road nikijua imeenda. Skani ikaonyesha moyo unapiga. Huyo mtoto sasa ananimalizia sukari. Damu si lazima iwe mwisho, lakini usikae nyumbani ukibahatisha.

Wanjiku wa Githurai: Yangu ilikuwa kutapika. Mama mkwe akasema ni msichana, nizoee. Nilipoona nimeshinda mchana kutwa sijakojoa, na jioni mkojo ni rangi ya chai ya rangi, nikaenda. Dripu siku mbili. Hata maji yakikataa kukaa, hiyo si kichefuchefu cha kawaida tena.

Halima, Eastleigh: Iliharibika nikiwa wiki ya 14. Niko O hasi. Nesi ndiye aliyekumbuka sindano ya anti-D (ya mama mwenye damu hasi, kulinda mimba zijazo), inatakiwa ndani ya saa 72. Mume wangu aliizunguka mjini, akaipata duka la tatu. Jueni kundi lenu la damu jamani.

Baba K: Samahani kuingilia. Mke wangu ana wiki sita, anaumwa upande wa kushoto tangu jana. Damu hakuna. Tungoje Jumatatu?

Mama wa Pipeline: Shemeji, usingoje. Damu inaweza isionekane kabisa nje. Nendeni usiku huu, hospitali yenye skani na chumba cha upasuaji, si duka la dawa. Mkifika mlangoni semeni kwanza ana mimba. Asile kitu njiani, huenda akahitaji upasuaji.

Baba K: Tumepata teksi.

Baba K: Tumefika. Wanamtoa damu, skani inafuata.