Veranda inayotazama machweo Kisumu: mabati, pagola au kibanda cha pembeni?

Mama_Mamboleo

Hamjambo wote. Naomba mnisaidie kulinganisha kabla sijatoa pesa.

Nyumba yetu iko Mamboleo, ya matofali ya kuchoma, paa la mabati, na ukingo wa paa uko mita 2.4 kutoka chini. Sebule inatazama magharibi, upande wa ziwa. Asubuhi pale nje ni pazuri sana, lakini ikishafika saa tisa alasiri hapakaliki, na ukuta unabaki na joto mpaka usiku. Mama mkwe anaishi nasi na si mtu wa kukaa ndani. Mboga anachambulia nje, wageni anapokelea nje, hata dawa zake anamezea nje. Nataka apate mahali pake pa heshima, na sisi jioni tupate pa kukaa naye.

Nafasi iliyopo ni mita 5 kwa 3. Mafundi wamenipa mawazo matatu. Wa kwanza anataka nguzo za chuma na paa la mabati lililoshikana na nyumba. Wa pili anasema pagola ya mbao, juu iwe wazi, tupandishe maua yanayotambaa. Wa tatu anasema tuache ukuta kabisa, tujenge kibanda cha nyasi chini ya mwembe, hatua kama 15 kutoka mlangoni. Kila mmoja ananiambia cha mwenzake ni kupoteza pesa. Nyinyi mnaoishi na jua hili, mnasemaje?

FundiChuma_Kondele

Mama, shikamoo. Kabla ya kuchagua mbao au chuma, pima jua, kwa sababu upande wa magharibi ndio mgumu kuliko pande zote. Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Ukuta wa kaskazini au kusini unatosheka na ukingo wa mita moja, kwani adhuhuri jua liko juu sana mwaka mzima. Magharibi linakuja likiwa limeinama, linapita chini ya paa.

Nikupe hesabu. Saa kumi na nusu hivi jioni, jua liko karibu nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Paa lenye kina cha mita 3 linashusha kivuli kama mita 1.7 kutoka ukingo wake wa mbele. Ukingo ukiwa mita 2.4, jua bado linapiga ukuta hadi sentimita 70 kutoka sakafuni, yaani mapaja ya mtu aliyeketi. Ikifika saa kumi na moja na nusu, jua liko nyuzi 15, na kivuli kinashuka sentimita 80 tu. Hapo mama mkwe analipata usoni hata akiegemea ukuta.

Kwa hiyo yeyote aliyekuahidi kwamba paa peke yake litamaliza jua la jioni hakupima. Utahitaji kitu cha kusimama wima mbele. Mikeka ya mafunjo inayokunjwa kwa kamba inafaa sana, na mafunjo ndiyo hayo yanaota ziwani. Unaishusha saa kumi, unaikunja jua likizama.

Jambo la pili ni mteremko. Mabati ya migongo yanataka angalau nyuzi 10 ili maji yasirudi nyuma kwenye maungio. Kwa kina cha mita 3, hiyo ni kushuka sentimita 53. Ukianzia chini ya ukingo wako wa mita 2.4, mbele utabaki na mita 1.87, na vijana warefu watakuwa wanainama kila siku. Suluhisho ni paa la veranda lianzie juu ya ukingo wa zamani, au utumie mabati ya boksi, yale yenye migongo ya pembe badala ya mawimbi, ambayo yanakubali mteremko mdogo zaidi, nyuzi 5 hivi. Mbele ikibaki mita 2.1, mtu anapita vizuri na jua linazuiwa zaidi. Muulize fundi wako maswali haya mawili. Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Nax_Lanet

Mimi niko Nakuru na nina pagola, naipenda. Huku tuko juu, kama mita 1,850, asubuhi na jioni baridi inauma. Sisi tunalitafuta jua. Paa la mabati lingetufanyia sebule giza na tungevaa masweta mchana. Pagola yangu ina mbao zilizosimamishwa kwa ubavu, nafasi ya kiganja kati ya moja na nyingine, na nusu yake nimefunika kwa plastiki ngumu ya tabaka mbili inayopitisha mwanga. Mvua ikija tunasogea upande huo.

Kwa anayetaka plastiki hiyo: uso wenye kinga ya jua lazima uwe juu, na ncha za matundu zizibwe kwa utepe. Zisipozibwa, vumbi la Januari na Februari linaingia, kisha ukungu wa kijani unaota ndani na hakuna namna ya kuufikia.

FundiChuma_Kondele

Kaka, kwa Nakuru nakuunga mkono. Lakini plastiki hiyo Kisumu, tena magharibi, ni kumkaanga mama wa watu. Nimebandua zaidi ya moja hapa mjini.

Mwalimu_Kakamega

Mama Mamboleo, mimi nakutetea kile kibanda cha nyasi. Hakuna paa linaloshinda nyasi kwa ubaridi. Mabati yakipata jua yanakurushia joto kichwani. Nyasi zinalizuia huko huko juu. Mvua ikinyesha mnaendelea kuzungumza bila kupaza sauti. Na mzee akiwa chini ya mwembe anaona lango, anajua nani ameingia. Kwetu hapo ndipo mashauri yote ya ukoo hufanyiwa, na watoto hukua wakisikia.

Masharti yake lakini ni haya. Paa liwe limeinuka sana, nyuzi 45 hivi, la sivyo maji yanakaa kwenye nyasi na zinaoza. Jiko la makaa lisikaribie. Nyasi zenyewe siku hizi ni kazi kupata, huku kwetu mashamba yamejaa miwa, na baada ya miaka michache lazima uongeze tabaka. Pia huku magharibi radi ni nyingi. Mvua ya ngurumo ikianza, mtu yeyote asibaki chini ya mti mrefu, aingie nyumbani.

Mama_Mamboleo

Mwalimu, asante, umenigusa hapo kwa mashauri ya ukoo. Shida yangu ni moja: mama anatembea kwa mkongojo. Hatua 15 kwenye matope ya Aprili ni nyingi, na usiku sitaki avuke uani peke yake.

Mwalimu_Kakamega

Basi hilo limeamua, mama. Mzee mwenye mkongojo anahitaji sakafu moja kutoka kitini hadi kitandani. Kibanda kiwe cha baadaye, cha vijana.

Seremala_Bungoma

Naona mbao zimesahaulika, nami ndizo kazi yangu.

Mbao hazikosi kudumu zikitunzwa. Zinazoua mbao huku kwetu ni mchwa na maji ya chini. Nguzo ya saiprasi au mkaratusi ikifukiwa ardhini huliwa pale inapokutana na udongo, na juu inaonekana nzima mpaka siku inapokatika. Dawa ya kupakwa kwa brashi haiingii ndani. Kama ni lazima nguzo ikae ardhini, nunua iliyotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo, kama zile za umeme, na usiikate upande unaozikwa, kwa sababu ukikata unafungua moyo ambao dawa haikufika. Njia bora zaidi ni nguzo isiguse udongo kabisa. Ikae juu ya kiatu cha chuma, kiatu kikae juu ya zege, na kati ya mbao na sakafu uweze kupitisha vidole viwili. Hapo utamwona mchwa akipanda kabla hajafika.

Oili chafu ya gari watu wanaipenda kwa sababu ni bure. Inanuka, inachafua nguo, na mzee atakayeegemea nguzo hiyo kila siku hastahili hiyo.

Ushauri wangu kwako: nguzo na boriti ziwe chuma, mbao ziwe juu mahali pakavu. Chini ya mabati piga dari ya mbao nyembamba au mikeka, uache nafasi ya hewa kama sentimita 10 iliyo wazi pande zote mbili. Hewa ya moto itatoka yenyewe. Mabati ya rangi hafifu yatasaidia pia, yale ya rangi nzito yanavuta joto.

Kijana_Ahero

Hamjauliza udongo! Kama uko kwenye udongo mweusi kama wetu huku Kano, sakafu itapasuka hata uweke simiti ya namna gani. Udongo huu unavimba ukinyesha na kunywea ukikauka, unapasuka mpaka mkono unaingia. Hapa kwetu tunauondoa wote mpaka tufike chini pagumu, tunajaza murram, yaani udongo wa changarawe, tukishindilia tabaka kwa tabaka, kisha mawe, karatasi ya nailoni, wavu wa chuma, ndipo zege.

Na sakafu ya veranda isishikane na msingi wa nyumba. Acha ufa mwembamba uliojazwa lami au ubao laini, kila kimoja kicheze kivyake. Zikishikana, ya veranda inavuta ya nyumba.

FundiChuma_Kondele

Kijana amesema kweli tupu. Kwa mita 5 kwa 3, unene wa sentimita 10, zege ni mita za ujazo 1.5. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne (simiti, mchanga, kokoto), hiyo ni mifuko kama 10 ya kilo 50. Akikuandikia mifuko 20 kwa sakafu peke yake, muulize inakwenda wapi. Sakafu iteremke kuelekea nje, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, isiwe ya kung'aa, na kwa sababu ya mkongojo usiweke ngazi mlangoni. Weka mteremko laini na mfereji mwembamba wenye wavu mbele ya kizingiti.

Usisahau upepo. Paa lililo wazi pembeni linainuliwa kutoka chini, na dhoruba za hapa mnazijua. Shimo la kila nguzo liwe sentimita 60 pande zote tatu. Zege la shimo hilo lina uzito wa karibu nusu tani, na ndilo linaloshikilia paa lisiruke. Nguzo za mraba za milimita 75, unene milimita 3. Skrubu zenye mpira badala ya misumari.

Dada_Milimani

Nyinyi wanaume mmejenga vizuri lakini mmeacha mbu. Saa moja jioni Kisumu nani atakaa kwenye veranda iliyo wazi? Malaria iko hapa, na mzee hapaswi kujaribiwa nayo. Mama, waambie waweke fremu za wavu wa mbu pande zote, na mlango unaojifunga wenyewe. Fremu ziwe za kutolewa kwa mkono ili zioshwe. Taa iwe ya manjano hafifu. Nyeupe kali inawaita wale wadudu wa ziwani mpaka asubuhi mnafagia marundo.

Pia gata na tanki. Paa la mita za mraba 15, mvua ya milimita 20, unapata lita 300. Hayo ni maji ya kufua bure.

Nax_Lanet

Dada amemaliza. Ningeongeza tu kwamba ile pagola usiitupe kabisa, iweke mbele ya veranda kama fremu ya kupandishia pasheni. Ile ya manjano inavumilia joto la huko vizuri kuliko ya zambarau. Majani yatafanya kazi ya mkeka, na matunda mnakula.

Seremala_Bungoma

Ipandwe mita moja mbele ya nguzo, isiguse paa. Majani yakijaa kwenye gata, maji yanarudi ndani. Na chini yake pafagiliwe pawe peupe, nyoka hapendi mahali palipo wazi.

Mama_Mamboleo

Nimewasoma wote, na mama mkwe nimemsomea pia. Amesema ya mabati, yenye dari ya mikeka, wavu wa mbu, na mikeka ya mafunjo upande wa ziwa. Pasheni ameikubali haraka sana. Kibanda tumempa Mwalimu ahadi ya baadaye.

Maswali mawili ya mwisho. Fundi wa kwanza anataka kufunga boriti ya veranda kwenye ukuta kwa bolti, na matofali yetu ni yale ya kuchomwa kijijini, mengine ukikwaruza yanatoa unga. Yatashika? Na je, kaunti inahitaji kujua?

FundiChuma_Kondele

Hayatashika, mama. Bolti kwenye tofali laini inalegea kila upepo unapovuta, na siku ya dhoruba inatoka na tofali lake. Mwambie aweke safu ya pili ya nguzo upande wa nyumba, sentimita 20 kutoka ukutani, veranda isimame yenyewe kwa miguu 6. Gharama itapanda kwa nguzo 3 na mashimo yake. Kisha bati la veranda lipite chini ya ukingo wa paa la nyumba, ili maji ya juu yaangukie juu yake na yasipite katikati. Kwa hiyo ukingo wa mita 2.4 ndio unaokuamulia mteremko: tumia mabati ya boksi, nyuzi 5, mbele ibaki mita 2.1.

Kaunti ndiyo, inahitaji kujua. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Chukua mchoro wenye vipimo na nakala ya hati ya shamba, uende ofisi ya mipango. Ukiwa na mchoro, uweke hapa kwanza tuukague kabla hujanunua chuma.